Nta Juu ya Jani, Neno Katika Lugha: Historia ya Elimu ya Ustahimilivu wa Ukame kutoka Muguga na Serere hadi Dadamu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya elimu kuhusu nta inayofunika majani ya mimea ya mazao na nafasi yake katika kuzuia upotevu wa maji wakati wa ukame. Mkazo umewekwa katika mtama na katika vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki, hasa Muguga nchini Kenya na Serere nchini Uganda, kisha mjadala unaletwa Dadamu, West Nile, ilipo taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo ni ya kutenganisha mambo yaliyokuwa yamefichwa ndani ya neno moja: weupe unaoonekana na kizuizi kisichoonekana, mlango wa jani na ukuta wake, kuukimbia ukame na kuuvumilia. Kiswahili kilikuwapo katika eneo hili wakati wote wa mageuzi hayo, lakini hakikushirikishwa. Sasa kinapopewa kazi rasmi nchini Uganda, makala yanapendekeza kwamba utengano huo uingizwe katika istilahi zake kabla kirai “mbegu inayostahimili ukame” hakijazoeleka kiasi cha kutohojiwa.

1. Utangulizi

Dadamu ni eneo la Ayivu, kando ya Arua, katika nyanda za juu za West Nile zenye mwinuko wa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Kilimo ya Kanda ya Abi, mojawapo ya taasisi za kanda zilizo chini ya Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo la Uganda, na inayohudumia wilaya za West Nile, Koboko ikiwamo. Mazao makuu ya wenyeji ni muhogo, mtama, ulezi, ufuta, maharage na mahindi.

Dadamu si jangwa. Mvua huanza Machi au Aprili, hupungua katikati ya mwaka, kisha huongezeka kati ya Agosti na Oktoba. Kiangazi kirefu hushika kuanzia Desemba. Ukame unaomwumiza mkulima hapa mara nyingi si wa mwaka mzima usio na mvua, bali ni wa majuma kadhaa ya jua kali yanayoingia katikati ya msimu, mmea ukiwa tayari shambani na pengine umeanza kutoa maua. Tofauti hiyo ni ya msingi. Mbegu inayofaa mahali ambapo mvua hukatika mapema si lazima ifae mahali ambapo mvua husimama, kisha hurudi. Hata hivyo, katika nyaraka za sera, katika vifungashio vya mbegu na katika matangazo ya redio, mbegu zote mbili huitwa kwa jina moja: mbegu inayostahimili ukame.

Mwandishi wa makala haya ni mtafiti wa lugha. Nta ya majani imechaguliwa kwa sababu historia yake inaonyesha kwa uwazi namna jina linavyoweza kuielekeza elimu au kuipotosha.

2. Ngozi ya jani: elimu ilivyokua

Jani hukabiliwa na hitaji linalokinzana. Ili litengeneze chakula, ni lazima lipokee kabonidayoksaidi kutoka hewani, na kwa hiyo lina matundu madogo yaitwayo stomata yanayofunguka na kufungika. Kila yanapofunguka, mvuke wa maji hutoka. Sehemu kubwa ya maji yanayopotea kwenye jani lenye afya hupitia kwenye stomata. Udongo unapokauka na stomata kufungwa, njia inayobaki ni ngozi yenyewe ya jani. Hapo ndipo ubora wa ngozi hiyo huamua mmea utaweza kusubiri siku ngapi.

Elimu ya ngozi hiyo ni ya karne mbili hivi. Katika miaka ya 1830, mwanabotania Mfaransa Adolphe Brongniart aliloweka majani ya kabichi katika maji hadi tishu zake zikaoza. Utando mwembamba sana, usio na seli, ulibaki ukiwa mzima. Utando huo ndio kutikula. Mwaka 1871 Mjerumani Anton de Bary alichunguza nta iliyo juu ya kutikula za mimea mbalimbali na kuigawa katika makundi manne kwa kufuata umbo lake: nyingine ni chembechembe, nyingine vijiti, nyingine gamba lililotandazwa. Hadubini ya elektroni ilipoanza kutumika katika miaka ya 1950, maumbo hayo yalionekana kwa undani ambao de Bary hakuweza kuufikia.

Kutokana na kazi hizo, picha iliyozoeleka ilikuwa nyepesi: jani lina nta, nta huzuia maji, basi nta nyingi ni kinga kubwa. Mwaka 1976 Jörg Schönherr alitenganisha kutikula za mchungwa na kuziondolea nta kwa kiyeyushi. Baada ya hapo upitishaji wa maji uliongezeka kati ya mara 300 na mara 500. Jaribio hilo lilithibitisha nguvu ya nta, lakini pia lilifungua swali lililokuwa halijaulizwa sawasawa: ni nta ipi? Iko nta iliyochanganyika ndani ya kutikula, na iko nta iliyojitokeza juu yake. Watafiti waliofuata walipolinganisha mimea ya aina nyingi waligundua kwamba unene wa kutikula na wingi wa nta havitabiri kwa uhakika kiasi cha maji yatakayopita. Jinsi molekuli za nta zilivyopangwa ni muhimu kuliko wingi wake. Jani linalong’aa bila weupe wowote linaweza kushika maji vizuri kuliko jani lililopauka kama lililonyunyiziwa unga.

3. Muguga na Serere

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1948 liliundwa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Muguga, karibu na Nairobi. Moja kati ya maswali makubwa ya Muguga lilikuwa maji: mimea inatumia kiasi gani, na nini hutokea yanapopungua.

Mwaka 1959 J. Glover wa Muguga alichapisha uchunguzi wake juu ya tabia ya stomata za mahindi na za mtama wakati wa ukame na baada yake. Matokeo yake yangali yanastahili kusomwa na kila anayeandika sera ya mbegu. Baada ya ukame mkali, stomata za mahindi hazikurejea kikamilifu katika kazi yake hata maji yaliporudi, ilhali za mtama zilirejea. Kwa maneno mengine, ubora wa mtama haukuwa tu katika kubaki hai wakati wa jua, bali pia katika kuanza kazi upya mvua iliporudi. Kwa mkulima wa mahali ambapo ukame huingia katikati ya msimu, huo ndio ubora wenyewe anaouhitaji.

Huko Serere, katika eneo la Teso, kazi ya kuboresha mtama iliongozwa na Hugh Doggett, ambaye kitabu chake kuhusu mtama kilichapishwa mwaka 1970 na kikawa rejea kuu ya zao hilo. Aina kama Serena na Seredo zilitoka katika juhudi za kituo hicho na kuenea nje ya mipaka ya Uganda. Watafiti wa Serere walikuwa na maadui zaidi ya ukame: ndege aina ya kwelea kwelea walioshambulia masuke, na gugu la kiduha lililofyonza mizizi. Mbegu iliyochaguliwa ilipaswa kushinda vyote hivyo kwa pamoja. Ndiyo maana nta ya jani, ambayo haionekani katika uzito wa gunia, haikuweza kuwa kigezo cha kwanza cha uteuzi.

Muguga, basi, ilichunguza mlango wa jani, nayo Serere ilichunguza mavuno ya shamba. Ukuta wa jani, yaani kutikula na nta yake, ulibaki kati ya hizo mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mfumo wa pamoja uliounganisha vituo hivyo ulivunjika nayo, na kila nchi ikaendelea na urithi uliobaki ndani ya mipaka yake.

4. Mtama usio na weupe

Yeyote aliyepita katika shamba la mtama anajua weupe ulio kwenye shina na kwenye ala za majani. Ukiugusa kwa kidole hubaki kama unga. Weupe huo ni nta ya juu, na kwenye ala za mtama sehemu yake kubwa kabisa ni asidi za mafuta zenye kaboni 28 na 30. Mmea hautupiwi nta hiyo kutoka nje kama vumbi. Seli za ngozi yake huitengeneza na kuitoa.

Mwaka 1941, huko Coimbatore nchini India, G. N. Rangaswami Ayyangar na B. W. X. Ponnaiya walieleza juu ya mtama uliozaliwa bila weupe huo na namna sifa hiyo inavyorithiwa. Mimea ya namna hiyo ikawa chombo cha utafiti. Kama weupe ndio kinga, mtama usio nao ungepaswa kupoteza maji mengi zaidi, na kiasi cha hasara hiyo kingeweza kupimwa.

Mwaka 1977 A. Ebercon, A. Blum na W. R. Jordan walichapisha njia ya haraka ya kupima nta ya majani ya mtama kwa kuangalia mabadiliko ya rangi, hivyo mimea mingi ikaweza kupimwa kwa muda mfupi. Mwaka 1984 Jordan na wenzake walionyesha kwamba kadiri nta ilivyoongezeka ndivyo upotevu wa maji kupitia ngozi ulivyopungua, lakini kufikia kiwango fulani tu. Baada ya hapo nyongeza ya nta haikuleta faida iliyoonekana. Matokeo hayo yalipaswa kumfundisha mteuzi wa mbegu kutofautisha kati ya mtama wenye nta ya kutosha na mtama mweupe sana.

Utengano mkubwa zaidi ulitokea mwaka 1994, pale M. A. Jenks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipochunguza mtama uliobadilishwa kwa kemikali hadi ukapoteza weupe. Waligundua kwamba mmea huo haukupungukiwa nta ya juu peke yake. Kutikula yake yote ilikuwa nyembamba. Maji yalipita kwa wingi zaidi, na ugonjwa wa mabaka ya majani uliupata kwa urahisi zaidi. Kumbe weupe ulikuwa ishara ya jambo lililo chini yake. Ulipotoweka, mara nyingine ukuta wenyewe nao ulikuwa umedhoofika, na ilikuwa vigumu kusema hasara ipi imetoka wapi.

Wakati huohuo, tafiti nyingine zilionyesha kwamba mtama usio na weupe ulivutia kwa uchache zaidi aina ya vidukari iitwayo Schizaphis graminum, na kwamba majani yake yalisagika kwa urahisi zaidi tumboni mwa mifugo. Nta, kwa hiyo, si zawadi isiyo na gharama. Humlinda mmea dhidi ya jua na baadhi ya magonjwa, lakini pia humpunguzia ng’ombe faida ya malisho. Katika West Nile, ambako mabua ya mtama huachiwa mifugo baada ya mavuno, mizani hiyo haipaswi kupuuzwa.

Ikumbukwe pia kwamba mtama ni mmea wa ukanda wetu. Ushahidi wa kiakiolojia uliochapishwa mwaka 2017 unaonyesha kwamba mtama ulikuwa ukifugwa mashariki mwa Sudani miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Na Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyefanya kazi Sudani na baadaye Purdue, alishiriki pia katika uchunguzi wa mtama wenye kasoro za nta, kabla ya kupata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya kuboresha mtama dhidi ya ukame na kiduha. Elimu hii ilichapishwa mbali, lakini haikuanza mbali, wala haikukamilishwa na wageni peke yao.

5. Kiswahili kilikuwa wapi?

Kipindi ambacho Muguga ilikuwa ikichunguza stomata ndicho kipindi ambacho Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na makao yake Makerere, ilikohamia mwaka 1952. Vyombo viwili vya kikanda, kimoja cha mimea na kingine cha lugha, viliishi katika muongo mmoja na chini ya utawala mmoja. Hata hivyo, matokeo ya Muguga yalitolewa kwa Kiingereza, na kazi ya Kamati ilielekea zaidi katika usanifishaji, kamusi na vitabu vya shule. Lugha ya maabara na lugha ya shamba hazikuwekwa meza moja.

West Nile ilikuwa na sababu ya ziada. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, likatawaliwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II hadi kifo chake mwaka 1909, likapita mikononi mwa Sudani, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Kiswahili kilifika hapa zaidi kupitia jeshi, polisi na biashara ya mpakani kuliko kupitia darasa. Kilikuwa lugha ya amri na ya soko kabla ya kuwa lugha ya maelezo. Kilimo kiliendelea kuzungumzwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi, na maelekezo ya serikali yalipokuja yalikuja mara nyingi kwa umbo la agizo: pandeni muhogo uwe akiba ya njaa. Agizo halihitaji kueleza kwa nini muhogo huishi.

Na sababu yake ni tofauti na ya mtama. Katika miaka ya 1980 M. A. El-Sharkawy na J. H. Cock, wakifanya kazi nchini Kolombia, walionyesha kwamba muhogo hufunga stomata zake hewa inapokauka, hata kama udongo bado una unyevu. Mmea hujizuia mapema, hupunguza kazi, huangusha majani na kusubiri. Mtama na muhogo vyote huitwa mazao ya ukame, lakini kila kimoja hupita njia yake.

6. Neno moja, mambo matatu

Wataalamu wa fiziolojia ya mimea hutenganisha njia tatu kuu. Ya kwanza ni ya mmea unaokomaa kabla maji hayajaisha. Ya pili ni ya mmea unaozuia maji yasimtoke au unaoyafuata chini kwa mizizi mirefu, ili tishu zake zisikauke ingawa udongo umekauka. Ya tatu ni ya mmea ambao tishu zake hukauka kwa kiasi, lakini haziharibiki. Nta ya jani ni ya njia ya pili. Haiongezi maji, huchelewesha kuisha kwake. Weupe wake pia hurudisha sehemu ya mwanga na kulipunguzia jani joto, ingawa kwa kiasi kidogo: katika ngano ya Australia tofauti iliyopimwa ilikuwa chini ya nyuzi 1.

Kiswahili kina malighafi ya kutosha kutofautisha njia hizi. Tunapendekeza ya kwanza iitwe *kuukimbia ukame*, ya pili *kuukwepa ukauki*, na ya tatu *kuuvumilia ukauki*. Kitenzi *kustahimili* kibaki kuwa jina la jumla, lisilotumika peke yake katika hati inayohusu aina fulani ya mbegu. Neno *ukauki* linatumika hapa kwa makusudi: ukame ni hali ya nchi na ya hewa, ukauki ni hali ya tishu za mmea. Kuchanganya hali hizo mbili ndiko kunakomfanya msomaji adhani kwamba mmea ulio katika ukame lazima uwe umekauka.

Kwa upande wa jani, tunapendekeza *kutikula* kwa utando wote, *nta ya ndani* na *nta ya juu* kwa sehemu zake mbili, na *weupe wa nta* kwa kile kinachoonekana kwa jicho. Neno *nta* pekee lina hatari yake. Kwa mzungumzaji wa kawaida ni kitu cha nyuki, kinachopakwa kutoka nje. Afisa ugani anayesema “jani lina nta” bila kuongeza kwamba mmea wenyewe huitengeneza, na kwamba unaweza kuiongeza hali inapokuwa kavu, huacha nafasi ya kudhani kwamba nta hiyo ni uchafu wa kuoshwa au dawa ya kununuliwa.

Maana ya utengano huu kwa Dadamu ni ya moja kwa moja. Mbegu inayokomaa mapema humsaidia mkulima anayepanda akihofia mvua kukatika Novemba. Haimsaidii sana ikiwa jua la katikati ya mwaka litaukuta mmea katika maua, kwa kuwa mmea wa muda mfupi hauna nafasi ya kusubiri na kuanza upya. Hapo inahitajika mbegu yenye ngozi nzuri na stomata zinazorejea kazini, kama zile za mtama wa Glover. Mshauri wa sera anayeletewa orodha ya mbegu “zinazostahimili ukame” ana haki ya kuuliza: kwa njia ipi, katika hatua gani ya ukuaji, na kwa kipimo gani? Kama lugha ya orodha haimruhusu kuuliza, atanunua jina.

7. Hitimisho

Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza, pamoja na kukifundisha shuleni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. West Nile yenyewe imepokea wakimbizi wengi kutoka Sudani Kusini, hasa tangu mwaka 2016, ambao hulima viwanja vidogo katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi na huzungumza lugha nyingi. Katika mazingira hayo Kiswahili hakitaondoa Kilugbara wala Kikakwa shambani, wala hakipaswi kuviondoa. Kazi yake ni kuwa daraja kati ya taasisi na lugha hizo, na kupitia daraja lenye istilahi iliyochanganyika, tofauti zilizopatikana maabara zitapotea kabla hazijafika ng’ambo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, taasisi za utafiti wa kilimo za kanda, Abi ikiwamo, zishirikiane na vyombo vya Kiswahili katika kuandaa maelezo ya mbegu yanayotaja njia ya ustahimilivu badala ya ustahimilivu wa jumla. Pili, istilahi za fiziolojia ya mimea zisanifishwe zikiwa mafungu ya tofauti na si orodha ya maneno moja moja, ili *kuukimbia* kusitafsiriwe bila kuwapo *kukwepa* na *kuvumilia* kando yake. Tatu, kila istilahi ijaribiwe na wasemaji wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi kabla ya kuchapishwa, kwa kuwa watakaoipokea ni hao, na huenda lugha zao tayari zina tofauti ambazo Kiswahili bado kinazitafuta.

Kutoka kabichi ya Brongniart hadi mtama wa Purdue, elimu ya nta ilisonga mbele kila mara mtu alipokataa kuridhika na kinachoonekana. Ilichukua zaidi ya karne moja kufahamu kwamba weupe wa jani na uwezo wake wa kushika maji ni mambo mawili. Lugha itakayotumika kumweleza mkulima wa Dadamu haina sababu ya kuyaunganisha tena.